DuckDB inasoma baketi ya S3 nikiiendesha kwa mkono, lakini chini ya cron inajibiwa 403

Muulizaji

Habari zenu, wenzangu. Nina seva ya Linux ambayo kila usiku hutakiwa kusoma faili za Parquet (muundo wa faili za data ya majedwali) zilizo kwenye baketi ya S3, hifadhi ya mtandaoni ya AWS, yaani huduma za wingu za Amazon, kuzijumlisha kwa programu ya DuckDB ya mstari wa amri, kisha kuandika matokeo katika hifadhidata ndogo iliyo kwenye diski ya seva hiyohiyo. Seva haimo ndani ya AWS, kwa hiyo siwezi kuipa jukumu la mashine na kuachana kabisa na habari za funguo. Amri zote nimeziweka katika faili moja liitwalo `usiku.sql`, na mwanzo wake ni huu:

```
INSTALL httpfs; LOAD httpfs;
INSTALL aws; LOAD aws;

CREATE OR REPLACE SECRET mauzo (
    TYPE s3,
    PROVIDER credential_chain,
    REGION 'eu-west-1'
);

CREATE OR REPLACE TABLE jumla AS
SELECT bidhaa, sum(kiasi) AS kiasi
FROM read_parquet('s3://baketi-ya-mauzo/2025/*.parquet')
GROUP BY bidhaa;
```

Nikiingia kwenye seva na kuandika `duckdb ripoti.db < usiku.sql`, kazi inakamilika vizuri. Nikiiachia cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, iendeshe amri hiyohiyo, kwa jina la mtumiaji yuleyule, napata kosa la HTTP 403 pale kwenye `read_parquet`. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba mstari wa `CREATE SECRET` unapita bila lalamiko lolote, maana yake vitambulisho vinapatikana, ila baadaye vinakataliwa.

Nimekwisha kujaribu yafuatayo. Nimehakikisha kwamba faili la `~/.aws/credentials` lipo na lina funguo. Nimeendesha `aws s3 ls s3://baketi-ya-mauzo/` kwenye terminali na ikaniorodheshea faili zote. Nimelegeza ruhusa za faili la vitambulisho hadi 644 nikidhani cron inashindwa kulisoma. Mwisho nimeongeza `. ~/.bashrc &&` mwanzoni mwa amri katika crontab (orodha ya kazi za cron), nayo haikubadilisha kitu. Sasa nimefikia hatua ya kutaka kuziandika funguo moja kwa moja ndani ya `usiku.sql` ili niondokane na adha hii. Je, kuna njia iliyo bora zaidi?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, anza kwa kurudisha ruhusa za lile faili kuwa 600 (mwenye faili pekee), kwa sababu cron inayoendeshwa kwa jina lako hulisoma kama unavyolisoma wewe, na 644 inawapa watumiaji wengine wote wa seva nafasi ya kulifungua. Ukishafanya hivyo, usiziandike funguo popote kwanza, kwa kuwa bado hatujajua ni funguo zipi zinazotumika.

Namba 403 haisemi kwamba vitambulisho havikuonekana. Inasema kwamba ombi limefika S3 na limekataliwa, na S3 hutumia namba hiyohiyo kwa sababu zilizo mbalimbali kabisa: ufunguo usiojulikana, saini isiyolingana, ufunguo halali usio na ruhusa ya kugusa baketi hiyo, na hata saa ya seva iliyoachana na saa ya AWS kwa zaidi ya dakika 15. Saa tunaweza kuiondoa kwenye orodha ya washukiwa, kwa sababu ni seva ileile na kwa mkono unafaulu. Saini nayo ni vigumu iharibike usiku tu. Kinachobaki ni kwamba wakati wa usiku anayebisha hodi ni mtu mwingine, si yule unayemdhania.

Hebu tazama jinsi `credential_chain` inavyofanya kazi. Usipoitajia chochote zaidi, inafuata mpangilio wa kawaida wa maktaba za AWS: inaanza na vigeu vya mazingira, yaani `AWS_ACCESS_KEY_ID`, `AWS_SECRET_ACCESS_KEY` na `AWS_SESSION_TOKEN`, isipovikuta inakwenda kwenye faili zilizo ndani ya `~/.aws`; na vyanzo kama huduma ya taarifa za mashine, ambayo kwako haipo, vinafuata nyuma. Mahali pa kwanza panapotoa jibu ndipo msako unapoishia. Haijaribu ufunguo wa kwanza, ukikataliwa ikahamia wa pili. Inachukua ule iliouona mwanzo na kwenda nao hadi mwisho, uwe mzima au mbovu. Ndiyo sababu `CREATE SECRET` yako inapita kimya: kupata ufunguo ni jambo moja, na ufunguo huo kufungua mlango ni jambo jingine.

Nashuku kwamba kwenye terminali yako kuna vigeu vya mazingira ulivyoviweka zamani ukavisahau, pengine ndani ya hiyohiyo `.bashrc`, na kwamba ndivyo vinavyokufanikishia kazi kwa mkono. Hata ile `aws s3 ls` ilifaulu kwa sababu hiyohiyo, maana chombo cha AWS nacho huvitanguliza vigeu hivyo mbele ya faili. Cron haivijui. Mazingira yake ni haba: `HOME`, `LOGNAME`, `SHELL`, `PATH` fupi, na si mengi zaidi ya hayo. Kwa hiyo usiku msako unavuka vigeu, unafika kwenye faili, na unatoka na ufunguo mwingine.

Utauliza: mbona niliiita `.bashrc` ndani ya crontab na bado haikusaidia? Fungua faili hilo utazame mistari yake ya juu. Katika Debian, Ubuntu na mifumo iliyotokana nazo, `.bashrc` ya kawaida huanza kwa kuangalia kama sheli ina mtu anayezungumza nayo, na kama hakuna, inarudi hapohapo bila kusoma mistari inayofuata. Mistari yako ya `export` bila shaka iko chini ya kizuizi hicho.

Usiniamini kwa maneno. Lipime jambo lenyewe. Kwenye terminali endesha `aws configure list`. Itakuonyesha herufi za mwisho za ufunguo unaotumika pamoja na mahali ulikotoka, kama ni mazingira au faili. Kisha iga umaskini wa cron:

```
env -i HOME="$HOME" LOGNAME="$LOGNAME" PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin \
  /bin/sh -c 'aws configure list; aws sts get-caller-identity'
```

Amri ya `get-caller-identity` ni rafiki mkubwa wa mtu aliye katika hali yako, kwa sababu haihitaji ruhusa yoyote. Hata ufunguo usioruhusiwa kugusa kitu utakutajia jina la mwenye nao. Na ndani ya DuckDB yenyewe, ongeza mstari huu mara tu baada ya `CREATE SECRET`:

```
SELECT name, provider, scope, secret_string FROM duckdb_secrets();
```

Ufunguo wa siri na tokeni vitafichwa, lakini `key_id` itaonekana. Iendeshe mara mbili, kwa mkono na kwa cron, kisha ulinganishe.

Muulizaji

Umelenga penyewe, na ninakiri kwamba nisingefika huko peke yangu. Kwenye terminali safu ya chanzo inasema mazingira, na chini ya `env -i` inasema faili la vitambulisho, na herufi za mwisho za funguo hazilingani. `get-caller-identity` ya pili imenitajia mtumiaji wa IAM (mfumo wa AWS wa watumiaji na ruhusa) niliyemtumia katika kazi nyingine iliyokwisha, mwenye ruhusa ya baketi nyingine kabisa. Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa nikiamini kwamba ninatumia lile faili, kumbe sijawahi kulitumia hata mara moja.

Na mistari ya `export` kweli iko chini ya kizuizi ulichokitaja.

Sasa nifanye nini? Naona njia tatu: kuhamishia vigeu ndani ya crontab, kubadilisha ufunguo ulio kwenye faili, au kutengeneza siri ya kudumu ndani ya DuckDB kwa `CREATE PERSISTENT SECRET`. Ipi inafaa?

Jibu la pili

Mimi ningechagua siri ya kudumu. Unaiandika mara moja, nayo inabaki: kila mara mtumiaji huyo anapoifungua DuckDB, iwe kwa mkono au kwa cron, siri inapakiwa yenyewe bila kutegemea mazingira ya sheli. Hivi ndivyo nilivyofanya katika seva ninayoitunza, na sijapata tatizo:

```
CREATE PERSISTENT SECRET mauzo (
    TYPE s3,
    KEY_ID '...',
    SECRET '...',
    REGION 'eu-west-1',
    SCOPE 's3://baketi-ya-mauzo'
);
```

Uwezo huu wa kusimamia siri uliingia katika toleo la 0.10.0 la mwaka 2024. Kabla ya hapo tulilazimika kuandika `SET s3_access_key_id` na wenzake kila tulipofungua programu, na ukiwa na baketi mbili zenye funguo tofauti ulikuwa ukihangaika kubadilisha huku na huku.

Jibu la tatu

Kwa heshima zote kwa mwenzangu aliyetangulia, siri ya kudumu ina mambo mawili ambayo muulizaji anapaswa kuyajua kabla ya kuikubali. La kwanza ni kwamba huhifadhiwa chini ya `~/.duckdb/stored_secrets` bila kusimbwa. Si maandishi ya kawaida, ni faili la jozi, lakini anayeweza kulisoma anaweza kulitumia. Si kosa la jinai, hata faili la `~/.aws/credentials` liko wazi vilevile; ila mtu asidhani kwamba neno siri limempa kabati lenye kufuli. Sasa ana mahali pawili pa kulinda badala ya mahali pamoja, na siku atakapobadilisha ufunguo atakumbuka pa kwanza na kusahau pa pili, jambo ambalo, tukiangalia kilichomfikisha hapa, si la kubuni.

La pili linahusu namna ya kuiandika. Ukiichapa amri hiyo kwenye kidokezo cha DuckDB, inaingia katika `~/.duckdb_history` pamoja na ufunguo wako wa siri. Ukiipitisha kwa `duckdb -c "..."`, inaingia katika historia ya sheli, na kwa muda wote ambao amri inaendelea, mtumiaji mwingine wa seva anaweza kuiona kwa `ps`, isipokuwa kama mfumo umezuiwa usionyeshe michakato ya watu wengine. Ukiiweka katika faili la SQL lililo ndani ya git, mfumo unaotunza matoleo ya faili, basi imekwenda. Hata ukifuta mstari huo kesho, historia ya git itautunza. Dawa ya ufunguo uliokwisha kuingia katika git ni kuufuta ufunguo wenyewe huko IAM, si kuufuta mstari.

Kuhusu kuweka vigeu ndani ya crontab, itafanya kazi, lakini crontab ina sheria zake zinazofanana na za sheli bila kuwa za sheli: thamani ya kigeu haipanuliwi, kwa hiyo `$HOME` uliyoiandika upande wa kulia inabaki maandishi matupu, na alama ya asilimia ndani ya amri hugeuzwa kuwa mstari mpya usipoitanguliza kwa mkwaju wa nyuma. Watu wengi wamepoteza usiku wao kwa `date +%F`.

Njia ninayoipendekeza ni ya nne. Mtengenezee kazi hii mtumiaji wake wa IAM, mwenye ruhusa ya baketi hii pekee. Weka ufunguo wake ndani ya `~/.aws/credentials` chini ya wasifu wenye jina, kwa mfano `[ripoti]`, kwa kuhariri faili au kwa `aws configure --profile ripoti`. Halafu iambie DuckDB waziwazi mahali pa kutazama:

```
CREATE OR REPLACE SECRET mauzo (
    TYPE s3,
    PROVIDER credential_chain,
    CHAIN 'config',
    PROFILE 'ripoti',
    REGION 'eu-west-1',
    SCOPE 's3://baketi-ya-mauzo'
);
```

Kiini kiko kwenye `CHAIN 'config'`. Kwa neno hilo msako hauanzii tena kwenye vigeu vya mazingira; unakwenda moja kwa moja kwenye faili na kuchukua wasifu ulioutaja. Faili la `usiku.sql` linaweza kukaa katika git bila aibu, kwa sababu halina ufunguo, lina jina la wasifu tu. Na kinachotokea kwa mkono ndicho kitakachotokea usiku, hata kama terminali yako imejaa vigeu vya kazi kumi zilizopita.

Angalizo dogo ambalo hunasa watu: katika `~/.aws/credentials` kichwa cha wasifu huandikwa `[ripoti]`, lakini katika `~/.aws/config` huandikwa `[profile ripoti]`. Ukikosea, wasifu hauonekani. Aidha, ikiwa faili ulilihariri kwenye Windows na kulihamisha, hakikisha halina herufi za kurudisha mstari zilizojificha mwishoni, kwa kuwa herufi moja iliyogandamana na ufunguo wa siri inatosha kuharibu saini, na macho yako hayataiona kamwe. Ufunguo wa ufikiaji wa AWS una herufi 20 na ule wa siri 40, hesabu.

Jibu la pili

Nakubali kuhusu historia ya amri, nimetazama `~/.duckdb_history` yangu na kweli ufunguo upo. Leo nina kazi ya kuubadilisha.

Ila nina swali kwako. Kuna wenzetu ambao hawaruhusiwi kabisa kuwa na funguo za kudumu, wanapewa za muda tu. `PROFILE` itawafaa?

Jibu la tatu

Itawafaa mradi waangalie muda. Funguo za kudumu huanza na herufi AKIA, na za muda huanza na ASIA. Za muda haziendi bila tokeni ya kipindi, na mtu anayenakili viwili na kuisahau ya tatu hukataliwa bila kuelezwa vizuri kwa nini. Kinyume chake nacho kipo: mtu anaweka ufunguo mpya wa kudumu katika mazingira huku `AWS_SESSION_TOKEN` ya wiki iliyopita bado imo humo, na maktaba inaunganisha ufunguo mpya na tokeni mfu.

Funguo zinazotokana na kuvaa jukumu la IAM (role) huishi saa 1 usipotaja muda mwingine, na zinaweza kuongezwa hadi saa 12 kama jukumu limeruhusiwa, isipokuwa jukumu lililovaliwa kutoka ndani ya jukumu jingine, ambalo haliruhusiwi kuzidi saa 1 hata liombwe vipi. Katika DuckDB, `credential_chain` huchukua thamani wakati siri inapotengenezwa. Kwa hiyo kufunga vitambulisho vya muda ndani ya siri ya kudumu ni kuhifadhi kitu kitakachokuwa kimekufa kesho asubuhi. Siri ya kawaida, inayotengenezwa upya mwanzoni mwa kila skripti, haina shida hiyo, na kwa kazi inayozidi uhai wa tokeni kuna `REFRESH auto`, inayoiruhusu programu kuchukua vitambulisho vipya pindi vile vya zamani vikikataliwa.

Muulizaji

Nimefuata njia ya nne. Nimetengeneza mtumiaji mpya wa IAM, nikampa ruhusa ya `s3:GetObject` na `s3:ListBucket` kwa `arn:aws:s3:::baketi-ya-mauzo/*`, nikaweka wasifu, nikabadilisha skripti. Sasa `key_id` ni moja kwa mkono na kwa cron, jambo ambalo limenipa faraja. Lakini 403 imerudi kwa sura nyingine: nikisoma faili moja kwa jina lake kamili, inasomeka, nikiandika `*.parquet`, nakataliwa. Na sasa nakataliwa hata kwa mkono.

Jibu la kwanza

Afadhali sasa unakataliwa kotekote. Hilo linatibika kwa urahisi.

Alama ya nyota si kitu ambacho S3 inakijua. DuckDB ikiiona, inaiomba baketi iorodheshe vilivyomo chini ya `2025/`, kisha yenyewe inachuja majina. Kuorodhesha huko ndiko `s3:ListBucket`, na ruhusa hiyo hutolewa juu ya baketi, si juu ya vitu vilivyomo. Wewe umeitoa kwa anwani yenye `/*` mwishoni, ambayo inataja vitu tu, kwa hiyo ruhusa ipo kwenye karatasi lakini haimgusi mtu. Zitenganishe:

```
"Statement": [
  { "Effect": "Allow", "Action": "s3:ListBucket",
    "Resource": "arn:aws:s3:::baketi-ya-mauzo" },
  { "Effect": "Allow", "Action": "s3:GetObject",
    "Resource": "arn:aws:s3:::baketi-ya-mauzo/*" }
]
```

Kuna faida nyingine ya kuwa na `ListBucket` ambayo watu hawaifikirii. Mtu asiyekuwa nayo akiomba faili lisilokuwepo, S3 humjibu 403 badala ya 404, kwa sababu kumwambia kwamba faili halipo ni kumjulisha kilichomo na kisichomo. Kwa hiyo kosa dogo la tahajia katika jina la faili linavaa nguo za kosa la ruhusa, na mtu anakesha akihariri sera za IAM ilhali kasoro ni herufi moja katika njia.

Ikiwa siku moja utataka skripti iandike kwenye baketi kwa `COPY ... TO 's3://...'`, utahitaji `s3:PutObject`, na ni vyema kuongeza `s3:AbortMultipartUpload`, kwa kuwa faili kubwa hupandishwa kwa vipande. Na kama baketi imesimbwa kwa ufunguo wenu wenyewe wa KMS (huduma ya AWS ya funguo za usimbaji), kusoma kutadai `kms:Decrypt` pia. Hiyo nayo ikikosekana, jibu ni lilelile 403.

Mchangiaji mwingine

Naomba kuingilia kwa swali la karibu. Mimi sina S3 ya AWS pekee, nina pia MinIO, hifadhi inayozungumza lugha ya S3, ndani ya mtandao wetu, na ningependa kusoma kutoka kote kuwili, MinIO na S3, katika skripti moja. Nikitengeneza siri ya MinIO, maombi ya S3 nayo yanaelekezwa kwenye MinIO.

Jibu la tatu

Hiyo ni kwa sababu siri yako haina upeo (`SCOPE`), na siri ya aina ya `s3` isiyo na upeo inajihesabia kila njia inayoanza na `s3://`. Ipe mipaka:

```
CREATE OR REPLACE SECRET ndani (
    TYPE s3,
    PROVIDER credential_chain,
    CHAIN 'config',
    PROFILE 'minio',
    REGION 'us-east-1',
    ENDPOINT 'minio.mfano.internal:9000',
    URL_STYLE 'path',
    USE_SSL false,
    SCOPE 's3://kumbukumbu'
);
```

Siri zinapokuwa nyingi, DuckDB huchagua ile ambayo upeo wake unalingana na sehemu ndefu zaidi ya njia. Badala ya kukisia, iulize: `FROM which_secret('s3://kumbukumbu/a.parquet', 's3');` itakutajia jina la siri itakayotumika. Katika `ENDPOINT` usiandike `http://` mbele, andika jina na mlango tu. `URL_STYLE 'path'` inahitajika kwa sababu mtindo wa kawaida huweka jina la baketi mbele ya jina la seva, na mtandao wenu wa ndani huenda haujui kulitafsiri jina la namna hiyo. `USE_SSL false` iandike tu kama kweli MinIO yenu haina cheti. Ikiwa inacho, iondoe, maana bila usimbaji data inasafiri wazi.

Mchangiaji mwingine

Imekubali. Kilichonikwamisha kilikuwa `http://` niliyoiweka mbele ya anwani. Asante sana.

Muulizaji

Nami nimerudi. Baada ya kutenganisha zile ruhusa mbili, skripti imepita kwa mkono, imepita chini ya `env -i`, na usiku wa kuamkia leo imepita chini ya cron. Ruhusa za faili la vitambulisho nimezirudisha 600, mistari ya `export` nimeiondoa katika `.bashrc`, na mstari wa `duckdb_secrets()` nimeuacha mwanzoni mwa skripti ili `key_id` iandikwe katika logi kila usiku.

Limebaki jambo moja. Yule mtumiaji wa zamani wa IAM aliyekuwa akijitokeza usiku bado yupo na ufunguo wake. Niufute leo?

Jibu la kwanza

Usiufute, uzime kwanza. Huko IAM ufunguo una hali mbili, hai na uliozimwa, na uliozimwa unaweza kuwashwa tena kwa amri moja endapo itagundulika kwamba kuna skripti nyingine iliyokuwa ikiutegemea kimyakimya, kama hii yako ilivyokuwa. Uliofutwa haurudi. Tazama kwanza `aws iam get-access-key-last-used --access-key-id ...` ili ujue mara ya mwisho ulitumika lini na kwa huduma ipi, uzime, uache mzunguko mzima wa kazi zako upite, zikiwemo za mwisho wa mwezi, ndipo uufute.

Na huu mpya utakapofika wakati wa kuubadilisha, kumbuka kwamba mtumiaji mmoja wa IAM huruhusiwa funguo 2 kwa wakati mmoja. Tengeneza wa pili, uuweke kwenye wasifu wa `ripoti`, subiri uuone katika logi yako ya usiku, kisha uzime wa kwanza.

Muulizaji

Nimeuzima. Ufunguo huo, kwa taarifa ya `get-access-key-last-used`, mara ya mwisho ulitumika kwa S3, kwa hiyo nitaangalia crontab za watumiaji wengine wawili wa seva hii kabla ya kuendelea.